Binti Injinia

Kila asubuhi, kabla wagonjwa wa nje hawajajaa kwenye mabenchi, mimi na baba tulikunywa chai karakana. Karakana ya hospitali iko nyuma ya jengo kubwa, katikati ya chumba cha kufulia mashuka na jenereta, na saa hizo hunuka sabuni na dizeli kwa pamoja. Mimi nilipangusa meza ya kazi. Baba alimimina chai, kifuniko cha chupa kwake, kikombe cha bati kwangu. Nikifungua mdomo kuomba sukari, tayari kopo la sukari limeshanifikia. Kisha baba alikitoa kitambulisho chake mfukoni, akakipulizia pumzi, akakisugua pajani na kukibana kifuani: INJINIA WA LIFTI. Ndipo tulipokunywa.

Siku hiyo alikuwa amefika kwenye kupulizia tu, tarishi akaingia bila hodi na boksi la karatasi kwapani.

"Vitambulisho vipya," alisema. "Vya zamani nipeni sasa hivi. Katibu amesema."

Katibu ndiye mkuu wa utawala wa hospitali yetu, na akisema huwa amesema. Tarishi alianza kuvigawa kama mwalimu anayerudisha mitihani, uso wake ukionyesha nani kafaulu kabla mwenyewe hajajua. Fundi wa mabomba, ambaye sote tunamwita Bomba, alipata FUNDI BOMBA akacheka. Seremala alipata FUNDI SEREMALA, akakitia mfukoni bila kukisoma. Mimi nilipata MHANDISI. Baba alipata FUNDI MCHUNDO, LIFTI.

Ngazi zetu ziko hivi: fundi mchundo ni mwenye cheti cha ufundi. Juu yake yupo fundi sanifu, mwenye stashahada. Juu ya huyo ndiye mhandisi, mwenye shahada na usajili, ambaye mtaani anaitwa injinia. Kwa hiyo kwenye boksi lile, kati yangu na baba palikuwa na ngazi nzima tupu, haina mtu.

Baba alikisoma kitambulisho kama anayesoma risiti ya mtu mwingine. Alikigeuza nyuma, labda ya kwake ilikuwa upande ule. Kisha akakitumbukiza kwenye kopo la skrubu.

"Chai inapoa," alisema.

"Hii ni dharau," Bomba alisema tarishi alipoondoka. "Mganga mwenye kibuyu anaitwa dokta. Muuza duka la dawa, dokta. Nesi akivua sare akarudi mtaani kwake, dokta, na hakuna anayemkamata. Leo injinia ndiyo limekuwa neno la kukamatia watu?"

"Wewe ukiitwa injinia, bomba litaacha kuvuja?" Seremala alimuuliza.

"Litavuja kwa heshima."

"Binti wa watu kasoma," Seremala aliendelea, akininyooshea penseli yake. "Kakesha na mahesabu mpaka akavaa miwani. Halafu mtu na spana yake aitwe jina lilelile? Mimi nimetengeneza meza ya chumba cha upasuaji. Sijaomba niitwe daktari wa upasuaji."

"Ile meza inayoyumba?"

"Sakafu ndiyo inayoyumba."

"Kuna jamaa yangu kafanya kazi ng'ambo," Bomba alisema. "Anasema huko fundi wa kiwango cha huyu mzee ana cheo chake mwenyewe, kimeandikwa, na maofisa wanamwamkia. Hahitaji kuazima cha mtu."

"Basi ahamie huko," Seremala alisema. Halafu wote wawili wakanigeukia. "Wewe binti unasemaje?"

Nilikuwa nayo ya kusema. Chuoni tulifundishwa kwamba injinia si sifa, ni yule anayeitwa kujibu kitu kikianguka. Nilitaka kusema kwamba anachokijua baba si kidogo kuliko changu, ni kingine, na kinastahili jina lake kubwa badala ya kuvikwa la kwangu. Maneno yote hayo yalikuwa yamesimama kooni, yamejipanga vizuri.

"Sijui," nilisema. "Labda ofisini wamekosea."

Sauti yangu ni ya kuombea chumvi mezani. Nimekuwa nayo tangu utoto. Baba alinitazama mara moja, akaninywea chai iliyobaki kikombeni mwangu, akatoka.

*

Hospitali nzima ilikuwa ikiniita Binti Injinia. Hata baada ya vitambulisho vile, manesi walinikuta kwenye korido na neno MHANDISI limening'inia kifuani, wakasema, "Binti Injinia, baba yuko wapi? Lifti inalia." Ningejibu nini? Shahada yangu, usajili wangu, ile mitihani ya mdomo mbele ya wazee watatu wenye tai, vyote viliishia kunifanya mtoto wa mtu ambaye kwa mujibu wa Katibu hakuwa hivyo alivyoitwa. Mara nyingine nilicheka peke yangu kwenye ngazi. Mara nyingine sikucheka.

Baba naye aligoma bila kugoma. Alifika kwa wakati, alivaa ovaroli yake iliyopigwa pasi, akaketi kwenye kigoda mlangoni pa karakana. Kila aliyemjia alimjibu kwa upole mkubwa.

"Mimi fundi. Fundi anaelekezwa. Mwiteni mhandisi atoe maelekezo."

Lifti ilipokwama na toroli la chakula cha wagonjwa ndani, Matroni mwenyewe aliteremka kumfuata. Baba akasimama kwa heshima, akavua kofia, akasema yaleyale. Nikaenda mimi. Swichi ya mlango ilikuwa imeingia uchafu. Niliisafisha, nikaifunga, nikaijaribu, toroli likatoka na uji ungali moto. Matroni alitazama nyuma ya bega langu.

"Ahsante, mwanangu. Baba atapita kuangalia?"

"Imeshapona, Matroni."

"Najua. Lakini atapita?"

Nyumbani mambo hayakuwa afadhali. Mama alikuwa na hasira yake mwenyewe.

"Mtaa mzima unaniita Mama Injinia tangu huyu hajaota meno," alisema akipakua. "Sasa nibandikwe lipi? Mama Mchundo? Hilo si ni jina la dawa ya minyoo?"

"Mama, hakuna atakayebadilisha."

"Wewe utakula kidogo au—"

"Kidogo," baba alijibu kwa niaba yangu, na mama akapakua kidogo. Nilikuwa na njaa siku hiyo.

Tulikula mpaka baba akasukuma sahani.

"Unajua tulivyofundishwa sisi?" aliniuliza, na nilijua swali halikuwa langu kujibu. "Walituingiza wengi kwenye karakana ile ya kampuni. Mwalimu alitufunga kitambaa machoni, akatupa mota na spana. Fungua yote, funga yote, iwake. Asiyeweza alikwenda kwao. Waliotoka na daraja la kwanza ulikuwa ukiwajua kwa majina. Wewe chuoni ulifungwa kitambaa?"

"Hapana, baba."

"Haya."

Niliosha vyombo nikijibishana naye kichwani. Mimi sikufungwa kitambaa. Mimi nilipewa kipande cha kamba ya chuma iliyokatika, nikaambiwa nieleze kwa nini ilikatikia pale na si pengine, na ijayo itakatika lini. Baba hajawahi kuulizwa swali hilo. Unawekaje vitu hivi viwili kwenye mizani moja? Ni kama kuuliza kipi kimezidi, urefu wa meza au uzito wa mfuko wa mchele. Lakini Katibu alikuwa ameshapima, na baba alikuwa ameshapima pia kwa mizani yake, na wote walikuwa wamemaliza bila mimi.

*

Hospitali ilikuwa inajenga chumba kipya cha upasuaji ghorofa ya juu kabisa. Vitanda vipya vilikuwa vimefika, vizito, vya chuma kitupu, na mashine za usingizi zenye magurudumu. Wageni walikuwa wamealikwa kwenye ufunguzi. Katibu aliniita akaniambia lifti ipate ukaguzi wa mhandisi, niseme ni salama, basi.

Nilipanda na baba chumba cha mashine, kile kijumba cha juu ya paa ambapo mota, gurudumu la kamba na breki vimekaa kama familia iliyochokana. Alinionyesha kila kitu kwa kidole, bila neno, fundi anayeelekezwa. Nilipiga magoti kwenye breki na tochi. Pedi zake zilikuwa zimeliwa mpaka vichwa vya ribiti, misumari ya chuma inayozishikilia, vinaonekana. Springi ilikuwa imekazwa karibu na mwisho wa uzi wake. Hapakubaki pa kukaza.

Haikuwa siri kwamba lifti ile ilikuwa ikiteleza. Iliposimama ilishuka kidogo chini ya sakafu, na kuacha kizingiti. Wasukuma vitanda walishazoea. Wakifika mlangoni walinyanyua magurudumu ya mbele bila kuangalia, kama mtu anayekijua kizingiti cha kwao. Baba alikuwa akiipitia kila mara, anakaza kidogo hapa, anasugua ngoma ya breki pale, na lifti ikaendelea kuishi kwa mikono yake. Hilo naliheshimu mpaka leo. Lakini alikuwa akiijaribu tupu, au na yeye mwenyewe ndani. Mimi nilikuwa nimeshasoma uzito ulioandikwa kwenye vitanda vile vipya.

Chini, mbele ya mlango wa lifti, Katibu alikuwa akitungoja na manesi wawili, Matroni, na Bomba ambaye hakuwa na shughuli pale ila kutega sikio.

"Mhandisi, vipi?"

"Breki," nilianza. "Pedi zimekwisha. Sasa kwa uzito wa vitanda vipya nadhani—"

"Unadhani," Katibu alisema.

"Yaani nimeona kwamba—"

Lakini macho yake yalikuwa yameshaniruka. Alimtazama baba aliyesimama nyuma yangu, kofia mkononi, na uso wake ukachanua.

"Injinia," alimwita. Mtu yuleyule aliyemvua jina hilo kwa boksi la karatasi. "Injinia, lifti hii umeilea wewe. Inafaa au haifai?"

Nilisikia baba akivuta pumzi. Sikugeuka. Nilimuona kwenye chuma kinachong'aa cha mlango, akinyooka, mabega yakirudi mahali pake pa zamani.

"Iko sawa, mkuu," alisema. "Inataka tu mkono unaoijua."

"Ndiyo lugha ninayoitaka," Katibu alisema, na manesi wakacheka kwa furaha ya watu waliorudishiwa kitu chao. Kitambulisho changu kilikuwa kimegeuka. Kilionyesha upande usioandikwa.

*

Nilikwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma. Bomba alinikuta huko, bomba la plastiki begani.

"Usinune, mdogo wangu. Mzee wako aliomba pedi zile mpaka akawa kichekesho cha ofisi. Kila akienda anaambiwa, lete maoni ya mhandisi. Na hospitali haikuwa na mhandisi."

"Sasa inaye."

"Inaye, na ni mwanawe wa kumzaa. Na Katibu kamwita injinia mbele ya manesi. Ungekuwa wewe ungesemaje?"

"Ningesema pedi zimekwisha."

Bomba alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniuma.

"Kwa sauti ipi?" aliuliza, akaenda zake na bomba lake.

Nilimkuta baba kigodani. Kitambulisho kipya kilikuwa bado kwenye kopo la skrubu, kona yake imechungulia.

"Baba, kwa nini umesema iko sawa?"

"Imeanguka?"

"Haijaanguka."

"Nani kaizuia?"

"Wewe."

"Haya."

"Lakini wewe mwenyewe uliomba pedi. Na safari hii mzigo—"

"Sikiliza, mama," alinikatiza. Ananiita mama, kwa sababu nimechukua jina la mama yake. Alikuwa akizungumza chini, akiangalia mlangoni kwanza. "Nikisema leo pedi zimekwisha, watu watauliza zimekwisha lini. Nitajibu nini? Kwamba kila mgonjwa aliyepanda humu, kila mama aliyekwenda kujifungua, nilimpandisha kwenye lifti mbovu nikijua? Niseme hivyo, wiki hii hii waliyonivua jina? Wataondoka na vyote. Sitabaki hata na fundi."

Nilikuwa na jibu, lakini lilikuwa na ncha, na aliyekaa mbele yangu alikuwa baba yangu na magoti yake yanayolia akiinuka. Ningeweza kuandika lifti ni salama, akabaki Injinia. Au ningeifunga, na hospitali nzima ingesema mtoto kamvua baba yake nguo sokoni. Hilo ndilo lililokuwa mezani, na Katibu na wageni wake walikuwa pembeni tu.

"Basi tuijaribu na mzigo," nilisema mwishowe. "Tuone."

"Mimi fundi," baba alisema. "Elekeza."

*

Wajenzi walikuwa wameacha mifuko ya simenti ghorofa ya nne, ya pili kutoka juu. Bomba na Seremala waliipakia kwenye lifti mpaka ikafika uzito wa kitanda kipya na watu wake, wakinung'unika kwamba wao si wapagazi na vitambulisho vyao ni ushahidi. Mlango wa ghorofa ya juu tuliuzuia kwa kabari ya mbao ubaki wazi. Katibu na Matroni walisimama pale wakichungulia shimoni, Bomba nyuma yao. Mimi nilisimama juu ya paa la lifti, chini yao kidogo, kofia ngumu kichwani, miguu pande mbili za kamba. Baba alikuwa juu kabisa, chumba cha mashine. Sauti zetu zilipita kwenye matundu ya sakafu yake, kule kamba zinakopita.

Kazi hii ina sheria moja ambayo baba alinifundisha kabla sijajua kusoma. Aliye juu ya lifti husema. Aliye kwenye mashine huyarudia maneno yake, ndipo hutenda. "Shusha." "Nashusha." Asiyerudia hajasikia, na asiyesikia hagusi kitu. Baba aliwahi kumfukuza kibarua karakana kwa kutenda bila kurudia, mtu mzima mwenye familia, na hakumpa nafasi ya pili.

Lakini kwangu mimi sheria ilikuwa imelegea bila sisi kujua. Sauti yangu haikufika vizuri juu, naye alizijua hatua zote kwa moyo. Basi akawa anaitikia hatua inayofuata kabla sijaitamka. Mafundi wengine walipenda kuona hivyo. "Huyo mzee anamsikia mwanawe hata akinyamaza," walisema. Nami nilikuwa nikiona ni mapenzi. Labda yalikuwa.

Nilikuwa nimechora mistari ya chaki ukutani.

"Shu—"

"Nashusha," sauti ya baba ilitoka juu.

Tukashuka polepole, kamba zikinguruma mkononi mwangu.

"Sima—"

"Nasimama."

Lifti ilisimama kwenye mstari wa chaki. Halafu, kwa utaratibu, kama mtu anayeteleza usingizini kitini, ikaanza kushuka yenyewe. Unene wa kidole. Wa kingine. Mota imezimika, breki imefunga, na bado ukuta ulikuwa unapanda mbele ya macho yangu. Nilitaka kusema zima umeme. Nilifungua mdomo.

"Zi—"

"Nashusha," baba alisema. Hatua inayofuata ilikuwa hiyo. Siku zote huwa hiyo.

Mota ikavuta. Tukashuka, simenti yote na mimi, na safari hii sikuona mistari yangu ya chaki, niliona tofali baada ya tofali. Niligonga kwa ngumi kitufe chekundu cha dharura kilicho hapo paani, nikakikandamiza. Umeme ukakatika. Breki ikauma, ikapiga kelele ya chuma kwa chuma, ribiti kwenye ngoma, na harufu ya kuungua ikateremka kupitia matundu. Lifti ikaendelea. Iliupita mstari, ikaupita ukanda wa zege, ikasimama ilipotaka yenyewe. Goti langu lilikuwa limepiga mhimili. Vumbi la simenti lilipanda taratibu kutoka pembeni, jeupe, likatuama kwenye miwani yangu.

"Mbona imeyumba?" Katibu aliuliza, mbali juu sasa, kichwa chake kidogo kwenye mwanga wa mlango. Hakuniuliza mimi. Alikuwa ameinua uso kuelekea chumba cha mashine. "Injinia, iko sawa? Tuendelee?"

Nilimsubiri baba aseme ukweli. Alikuwa ameisikia breki ile kuliko mtu yeyote. Harufu ilikuwa imemwanzia yeye.

"Iko sawa, mkuu," alisema, na sauti yake ilitetemeka kidogo, kiasi cha kunitosha mimi. "Tunaendelea. Nash—"

"Hapana," nilisema.

Haikufika. Nilijua hivyo kwa jinsi Katibu alivyokuwa bado ametazama juu. Nilivua miwani yenye vumbi nikaitia mfukoni, nikashika kamba kwa mkono mmoja. Ule wa pili niliuacha kwenye kitufe chekundu, maana nikikiachia umeme hurudi, na swichi kuu ilikuwa juu kwa baba.

"Hapana," nilisema tena, na safari hii shimo lililichukua neno hilo, likalipiga ukuta huu na ule, likalipandisha hadi mlangoni na kupita. Matroni alirudi nyuma hatua. Sikuwahi kujua kwamba ninayo hiyo sauti. Nilidhani ni ya mtu mwingine aliye shimoni na mimi.

"Katibu, nitazame mimi. Lifti hii imefungwa. Haipandi mgonjwa, haipandi mgeni, mpaka iwekwe pedi mpya na ngoma ikaguliwe. Pedi hizo fundi wa lifti hii alishaziomba, ofisi yako ikamjibu alete maoni ya mhandisi. Haya, haya ndiyo maoni. Mimi ndiye mhandisi. Ikianguka nitaulizwa mimi, si yeye, hiyo ndiyo maana ya jina, hakuna nyingine. Na aliyeishikilia isianguke mpaka leo ni yeye, bila msaada wako."

Nyuma ya Katibu nilisikia Bomba akisema, taratibu, "Eh."

Niliinua uso kuelekea chumba cha mashine. Nilingoja. Niliona kivuli cha baba kwenye tundu la kamba, amepiga magoti, uso wake karibu na sakafu.

"Zima umeme, baba," nilisema.

Hakuitikia.

"Jina mmeshalichukua," alisema, na hakuwa akimwambia Katibu. "Sasa na lifti."

Hasira yote ya wiki ile ilinipanda kwa pamoja, ya vitambulisho, ya Matroni kuchungulia nyuma ya bega langu, ya sahani nusu nikiwa na njaa, na ilipofika mdomoni nikakuta haikuwa hasira tu.

"Sikulitaka jina lako," nilisema. "Manesi wakuite injinia, mama aitwe Mama Injinia, mimi niite upendavyo. Niite binti, niite mama, sijali. Nataka kitu kimoja tu na sijawahi kukuomba. Ukinisikia nafungua mdomo, ningoje. Usinijazie. Usiniitikie kabla. Ningoje nimalize, baba, unisikie, ndipo urudie nilichosema mimi. Kama unavyomfanyia mtu yeyote unayemheshimu kazini. Nasema sasa, na nimemaliza kusema: zima umeme."